Ng'ombe Niliowahesabu Mimbarani

Jumatatu, Maretadu. Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi, nami nimevaa koti ndani ya nyumba. Nina aibu, lakini nina shukrani kubwa zaidi. Niandike tu ilivyokuwa.

Mimi ni mwinjilisti wa kanisa dogo hapa, na jioni nasoma Kigiriki cha Maandiko kwa simu. Wiki iliyopita tulifundishwa kitenzi elenkho. Mwalimu alisema maana yake ni kuliweka kosa mwangani mpaka mkosaji alione mwenyewe, apate kurudi njiani.

Nilishika ile nusu ya kwanza. Nilitembea na kitenzi hicho kama mtoto aliyepewa kisu.

Jana ilikuwa sikukuu ya mavuno. Jirani yangu Mzee Bura alileta debe moja la mahindi. Nikasema mimbarani kwamba wapo wenye ng'ombe kumi na wanane zizini, na Mungu wanamletea debe moja. Sikutaja jina, ila zizi la namna hiyo hapa ni moja. Watu wakageuka kumwangalia. Yeye akainamisha kichwa, na mimi nikajiona nimehubiri kweli.

Leo asubuhi aliniita kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu, akanipeleka zizini tukiwa wawili. Akanionyesha mmoja baada ya mwingine. Hawa ni wa shemeji yake wa Nangwa, wale ni wa rafiki yake wa ujanani, yule ni wa mjane fulani. Amewekewa awatunze, naye anapata maziwa. Wake mwenyewe ni wawili.

Na mimi ni mzaliwa wa hukuhuku, kijiji cha Daudi! Nimekulia katika kuwekeana ng'ombe. Najua kabisa kwamba wanaoonekana zizini si lazima wawe wa mwenye zizi, na kwamba mwenye mali hapendi itangazwe ameiweka wapi. Mtoto yeyote wa kwetu anajua. Nilisahau kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kumfichua.

Mwisho akaweka mkono mgongoni mwa jike jekundu.

"Huyu ni wa marehemu baba yako, mama yako anajua. Jana ningejitetea, ningemtaja na huyu. Wewe ungebaki pale mbele unachekwa."

Niliomba msamaha, na machozi yalinitoka mbele yake. Mke wake akaniletea kibuyu cha maziwa ya ng'ombe huyohuyo, nikanywa nimesimama.

Mzee Bura hajawahi kusoma Kigiriki. Ila leo amenionyesha kosa langu lote, na nimetoka kwake nikiwa bado mtu mwenye heshima. Namshukuru Mungu kwa jirani huyu.

Jumapili nitasimama palepale mimbarani niseme nilimkosea, nimtaje kwa jina. Wataniuliza nilikosea nini hasa, na kueleza ni kutangaza ng'ombe wa watu.

Hapo nitainamisha kichwa, kama yeye.