Kabla ya Kwenda Pagodani

Jumapili, 2 Novemba
Zamu ya asubuhi. Nimepiga deki kliniki nzima kabla madaktari wa meno hawajafika. Harufu ya dawa imeniganda mpaka kwenye mtandio.

Nimerudi chumbani, nakuta Hoa katandaza nguo zake kitandani kwangu. Kitanda chake hakimtoshi. Safari ni Ijumaa ya wiki ijayo, yeye keshaanza kufunga begi. Anafunga, anafungua, anafunga tena. Nimemwambia begi litachoka kabla ya mwenyewe. Kacheka. Siku hizi anacheka ovyo.

Namwelewa. Hajamwona mama yake tangu kabla ya korona. Mama huyo, mimi namwita Bibi, alipofiwa na mume alihamia hekaluni, huko kwao Vietnam. Anafagia majani chini ya pagoda na kuwapikia watawa. Hiyo pagoda ni mnara wa matofali, ghorofa juu ya ghorofa, wa kale kuliko mji wenyewe. Kwenye simu Bibi huwa anaigeuzia kamera niione, na mimi huishia kuona kidole chake.

Miaka yote hii tunalala chumba kimoja hapa Oud Metha, Dubai, Hoa na kazi yake ya kupaka watu kucha saluni, mimi na ndoo zangu. Mwaka huu nikasema twende wote. Sijawahi kwenda mahali ambako sikutumwa kazi.

Jumanne, 4 Novemba
Masomo. Hoa ananifundisha adabu za hekaluni. Nisikanyage kizingiti, nikivuke. Mlango wa katikati si wangu, niingilie wa pembeni. Mabega yafunikwe. Hilo halina shida, mimi mabega yangu hata Dubai nzima haijayaona.

Nimempigia kaka Bakari, Tanga. Niliogopa angefoka. Kasema kutazama si kuabudu, ila nisipige goti. Halafu kauliza kama huko kuna wali. Huyo ndiye kaka yangu.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimevuka ng'ambo mpaka soko la Al Ras baada ya kazi. Zuleikha wa Mombasa, anayeuza dukani kwa Mwarabu wa viungo, kanichagulia tende laini kwa ajili ya Bibi, maana meno hana. Huwezi kwenda kwa mtu mzima mikono mitupu. Zuleikha kanicheka. Eti, "Hamisa wewe, kwenda temple na tende, si utawasilimisha wote!" Wapagazi wakageuka kututazama. Nimefurahi siku nzima.

Jumamosi, 8 Novemba
Bibi amefariki.

Ujumbe umenijia mimi, si Hoa. Kaniandikia Minh, mtoto wa kaka yake Hoa, yule anayejua Kiingereza. Alfajiri leo, usingizini. Anasema wanaogopa kumwambia shangazi kwa simu, kwa sababu ya presha. Kweli, mwaka jana alisikia kaka yake kagongwa na pikipiki, akaanguka palepale saluni juu ya vichupa vya rangi. Kwa hiyo nimwambie mimi, taratibu, halafu shangazi awaambie anatakaje.

Nimejibu kwamba nitamwambia inshallah.

Hoa karudi jioni na kofia mpya ya mama yake, ya sufu. Akaivaa yeye mwenyewe ili nione. Nimesema nzuri. Nikaenda bafuni nikafungua bomba.

Jumapili, 9 Novemba
Sijamwambia.

Nimefikiri sana. Kwetu mtu aliye mbali hapewi msiba mkavu mkavu. Anaambiwa mgonjwa hali si nzuri, njoo. Anasafiri na tumaini lake, anafika, anakuta watu wamejaa uani, anashikwa mikono. Analia akiwa ameshikwa. Baba alipokufa mimi nilifanyiwa hivyo hivyo. Niliwalaumu? Sikuwalaumu. Kama ningeambiwa hapa, kwenye korido ya kliniki, sijui ningefikaje uwanja wa ndege.

Na haraka ya nini? Bibi keshazikwa jana hiyo hiyo. Maiti haingojwi. Aliye mbali atafika, atasimama kaburini. Kumwambia Hoa leo ni kumpa siku za kulia peke yake na kucha za watu mkononi.

Zuleikha naye kasema hivyo hivyo kwenye simu. "Usithubutu. Presha hiyo? Mfikishe kwao kwanza, atalilia kwa wenyewe. Khalas."

Basi nitamfikisha.

Jumatatu, 10 Novemba
Uongo ni kazi nzito kuliko deki. Hoa alitaka kumpigia mama yake. Nikamwambia mtandao leo mbovu, simu za video hazishiki. Huku mara nyingi hazishiki, kwa hiyo kaniamini. Ameniamini haraka mno. Hilo limenichoma.

Minh kauliza mbona shangazi hapigi, analia sana? Nimeandika: anapumzika.

Hoa kashona kifungo cha koti langu. Kasema huko asubuhi kuna baridi, mama yake atanisema nikienda hivi. Naona aibu. Lakini ni siku chache tu. Mungu anaona nia.

Jumanne, 11 Novemba
Sijui niandike vipi.

Mchana, nikiwa stoo ya kliniki, Minh katuma picha. Jeneza liko wazi. Watoto na wajukuu wamejifunga vitambaa vyeupe kichwani. Mezani, kando ya picha ya Bibi, kuna kitambaa kimoja kimekunjwa. Chini ameandika kwamba hicho ni cha shangazi. Wamemngoja mpaka leo. Wazee walikubali kusogeza saa ya mazishi, wakasogeza tena, sasa hawawezi zaidi. Wanaelewa kama amezidiwa na uchungu. Wanafunga jeneza.

Wamemngoja. Siku zote hizi Bibi alikuwa hajazikwa. Walikuwa wanasubiri neno moja tu la mwanawe, na neno lenyewe nimelikalia mimi.

Sikujua. Wallahi sikujua. Na sikuuliza. Nilijiona najua, kwa sababu kwetu ndivyo ilivyo.

Nikaacha ndoo palepale. Nimekwenda saluni kwa miguu, karibu nikimbie. Madam wa saluni akaniona uso, akamwachia Hoa atoke. Nimemwambia nje, pembeni mwa maegesho, nimemshika mikono yote miwili. Hakuanguka. Kauliza lini. Nikasema Jumamosi. Nikaona anazipita siku kichwani, moja moja. Kofia. Simu. Kifungo.

Halafu nikampa picha.

Akaitazama mpaka simu ikajizima. Kasema, "Wewe Jumamosi ulijua." Hakuwa anauliza. Akarudi ndani akamalizia mteja wake.

Heri angenipiga.

Jumatano, 12 Novemba
Hajasema nami. Amechana kipande cha shuka lake jeupe, amejifunga kichwani, ameketi sakafuni akiangalia ukuta. Nimemwekea chai. Imepoa. Nimemwekea nyingine.

Amezungumza na kwao kwa muda mrefu. Sielewi Kivietnam ila nilisikia jina langu. Nilitamani kutoka, nikajilazimisha kubaki. Mtu asikie anavyosemwa.

Nimempigia Bakari. Kasema nia yangu ilikuwa njema na Mwenyezi Mungu ni mjuzi wa nia. Nikamkatisha. Nikamwambia likitokea lolote kwa mama yetu, nataka kujua saa ileile. Nisipigwe chenga za mgonjwa hali si nzuri. Kasema, "Dada, sisi hatufanyi hivyo." Nikasema fanyeni. Akaaga haraka. Nadhani ameudhika. Na mimi nimeudhika, na mila, na nafsi yangu, na Zuleikha pia, ingawa hana kosa. Kosa ni langu. Nilimpenda Hoa kwa namna ya kwetu, sikumuuliza ya kwao.

Jioni nimetoa vitu vyangu kwenye begi tulilochangia. Nikamwambia sitakwenda, nimemwachia nafasi. Hakugeuka.

Alhamisi, 13 Novemba
Leo mapumziko. Nimeswali, nimefua, nimeketi. Nikarudi kutoka kuanika nguo nakuta vitu vyangu vimerudishwa begini. Koti liko juu.

Hoa kasema kwa Kiingereza chetu cha hapa, kifupi, macho chini. Kwao mtoto akichelewa lazima mama aelezwe sababu. Picha ya Bibi imewekwa kwenye ukumbi ulio chini ya pagoda, pamoja na za marehemu wengine. Watu husimama mbele yake na kuzungumza, kama wanavyozungumza na mtu. Yeye hawezi kueleza, maana hakuchelewa. "You come. You tell her."

Nimeuliza kwa lugha gani. Kasema yoyote.

Nimeogopa kidogo. Halafu nikakumbuka hata sisi tukipita makaburini tunawasalimu waliolala humo, na hakuna anayetuona wendawazimu. Sitapiga goti. Nitasimama, mabega yamefunikwa, na nitasema.

Ndege ni kesho asubuhi. Mchana wote Hoa amelala, ameupa ukuta uso, kitambaa bado kichwani. Sijui kama amenisamehe. Nadhani hapana. Nadhani hilo ni jambo jingine na litachukua muda wake.

Nimeketi dirishani nikajaribu maneno. Nimeyabadilisha mara nyingi. Nilianza na nia yangu, nikaifuta. Nikaanza na presha, nikaifuta. Yamebaki haya. Shikamoo mama. Mimi ni Hamisa. Hoa hakuchelewa, mimi ndiye niliyemchelewesha.

Nimeyasema chinichini, mara moja, kuona kama yatatoka.

Hoa hajui Kiswahili, lakini jina lake alilisikia. Hakugeuka. Kasema niongeze sauti, mama hasikii vizuri.

Nikarudia.