Tarakimu Nne za Siri

Bel-Air, Lubumbashi

Kwa mke wangu Perpétue, aliyeko Mitwaba,

Nina heshima ya kukuarifu kwamba paa limezibwa na kuku wako wanataga vema.

Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi, binti yetu Abigaëlle aliyekuwa huko hajulikani alipo. Namba pekee anayoijua kwa kichwa ni yako, na kadi ya simu yenye namba hiyo, ile puce, uliisahau katika droo. Kwa kuwa simu yangu imeharibika, nimeitia puce hiyo katika modemu, nikaichomeka modemu kwenye kompyuta, ili ujumbe wake utufikie. Kompyuta ikadai tarakimu nne za siri.

Niliandika mwaka wa ndoa yetu. Ikakataa. Niliandika mwaka aliozaliwa Abigaëlle. Ikakataa pia.

Jirani yetu fundi Dieumerci akacheka: “Papa Abigaëlle, code ya bibi yako haujuake? Inabakia mara moja tu. Ukikosa, puce inafungwa.”

Sijaigusa tena. Dereva Lévi anayekuletea barua hii atangoja jibu lako. Niandikie tarakimu hizo nne tu. Ni mwaka wa nini, au wa nani, sitauliza.

Nasaini mimi mwenyewe, mume wako halali,
Mbusa