Samaki wa Emmanuella

Lusangi, 3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Jambo sana. Mimi mzima, ila vumbi la shimo tunamochimba linanisumbua kifua. Nisalimie Jeanine, Gédéon, Aicha na mtoto wake François, na Deborah wa sokoni.

Mwalimu amenijulisha kwamba binti yangu Emmanuella hashiki kitu kichwani. Miaka tisa, ukimtuma chumvi analeta maji! Pasaka nitamchukua, aje kupikia wachimbaji. Shule si ya kila mtu.

Mwanao, Octave

Kasongo, 20 Februari

Mwanangu,

Pole na kifua, kunywa tangawizi. Huku tu wazima. Na wewe ulipokuwa mdogo, ulisahau ndoo ngapi mtoni?

Nilimtuma Emmanuella na salamu zako kwa wale watano. Zikafika kwa mmoja. Nililia. Nikampeleka kwa Sista Pélagie, anayezoeza watoto wasiotulia. Alimbana sikio kwa kidude kinachosikiliza mapigo ya moyo. Kwenye tableti kuna samaki: moyo ukienda mbio, anazama, mtoto akipumua polepole, samaki anapanda. Octave, nimeuona moyo wa mjukuu wangu kwa macho haya! Akanipigia kelele mimi bibi yake, "Koko, ile samaki njo mimi!" Samaki akazama papo hapo.

Sista anasema si dawa, ni mazoezi. Samaki akitulia, ndipo anampa maneno ya kushika. Niachie mtoto.

Mama yako

Lusangi, 9 Machi

Mama,

Salamu nyingi. Kifua afadhali. Samaki wa kwenye kioo haingii chunguni. Pasaka ni Pasaka.

Mwanao

Lusangi, 14 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Emmanuella alifika juzi kwa pikipiki ya mjomba Moustapha, njia yote matope. Akanipa bahasha. Ndani, karatasi nyeupe, haina hata neno moja! Nikasema Mama amezeeka, amesahau kuandika.

Mtoto akagusa sikio, akafumba macho, akapumua. "Kasongo, tarehe kumi. Mwanangu Octave, kifua kinaendeleaje?" Mama, nywele zilinisimama. Wachimbaji wakaweka koleo chini. Akanipa salamu za Jeanine, Gédéon, Aicha na mtoto wake François. Akakwama. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa mkono, akapumua tena. "Na Deborah." Kisha akamaliza barua yako: "Niachie huyu asome."

Nikamkumbatia.

Kesho anarudi kwako, na shuleni. Jibu langu amelibeba kichwani. Hii nimeiandika kwa sababu mwenye kusahau ndoo ni mimi.

Mwanao, Octave