Gunia la Kwanza la Fifi

Dutwa, Bariadi,
3 Agosti 2025.

Mpendwa mwanangu Minza,

Mwangaluka, mwanangu, huko Norwe kwenye baridi. U mzima? Kifua kimeacha kukusumbua? Unapata ugali, au bado wanakulisha samaki mbichi? Sisi hapa tu wazima, isipokuwa goti langu, na hilo si jambo la kuvukisha bahari.

Simu yako ya Jumapili iliyopita ilitukuta tunakula. Uliposema pamba ya kwetu imetupwa kwenye lile bwawa la majaribio lenye mafuta yaliyomwagwa, mbele ya watafiti wa nchi tano, ikaelea, ikanywa mafuta na maji ikayaacha, baba yako alisimama akasahau sahani iko mapajani. Nyama akala mbwa. Mimi shangazi yako nililia. Tangu mwezi wa tano, jaribio la kwanza lilipoharibika na wakakwambia la pili likiharibika nafasi yako atapewa mwingine, sikupata usingizi wa maana. Sasa umebaki. Nashukuru Mungu, nimepumua.

Ila kuna neno ulilitaja juujuu, nalo ndilo limenishikisha kalamu, maana simu ya baba yako husikika hadi kwa jirani. Ulisema hujui kwa nini pamba ya gunia la kwanza ilizama, kwa hiyo umewaandikia wenzako wa Brazili na Ghana na hao wengine kwamba ulikosea vipimo.

Hukukosea. Ni mimi.

Uliomba fifi, ile pamba chafu ya mwisho ambayo mnunuzi huisukuma pembeni. Baba yako akaijaza kama ulivyosema. Nilipoiona na majani yake na vumbi, haya ilinishika. Ukoo mzima tunalima pamba tangu enzi za babu, halafu wageni waione hiyo? Baba yako alipokwenda Malampaka nikaimwaga, nikaichambua, nikaichemsha kwa magadi na sabuni ya unga, nikaisuuza maji matatu. Ilitoka nyeupe, ungeipenda. Nikashona gunia, nikanyamaza. Ulipoomba la pili nilikuwa Lamadi kando ya ziwa, kwa binti yangu Apolonia aliyekaribia kujifungua. Baba yako akalituma na uchafu wake.

Jana nilimuuliza Keneth, bwana shamba wetu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe pamba mbichi ina nta yake, ndiyo inayokataa maji na kushika mafuta, na mimi nikaitoa yote kwa magadi! Mficha uchi hazai, mwanangu, nami sitaki kuficha tena.

Apolonia amepata mtoto wa kike, salama. Anauliza kama siku mafuta yakimwagika kwenye ziwa letu mtaleta pamba hiyo, maana dagaa ndio maisha yake. Nimemjibu kwamba mtaleta. Usiniangushe.

Baba yako anakusalimu, na Apolonia, na Matilda wa jirani ambaye bado anadhani unauza mafuta ya taa. Mungu akukinge na baridi hiyo, akurudishe nchi kavu kila mwendapo baharini na meli yenu ya utafiti.

Nakuomba jambo moja. Ile barua ya kosa la vipimo waandikie upya. Waambie wote wa nchi hizo tano kwamba gunia la kwanza lilifuliwa na shangazi yako wa Dutwa, kwa kuona haya. Wakitaka jina, ni hili hapa.

Shangazi yako akupendaye,
Esteria Luhaga Nyanda