Mfuko Nilioufunga Mdomo

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya Fundi Saa.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Najua umenuna, na una haki. Ujumbe wako wa kuniita nirudi nyumbani ulifika zamani, nami nikakaa kimya kama sikuupata. Nisamehe. Sikutaka kukujibu nikiwa sina la kukueleza, na kila nikishika kalamu, mjukuu wako anaitaka yeye.

Mgongo unaendeleaje? Na Bibi, bado anagombana na miwani yake? Sisi huku wazima. Mtoto ameota jino na ananing'ata nalo. Baba yake bado analinda usiku, asubuhi anarudi macho mekundu. Mimi usingizi nausikia kwa watu tu, lakini nasimama.

Sasa hilo la kurudi. Mama Mdogo, sirudi. Usikasirike, soma kwanza.

Kazi nimeitafuta mpaka soli za ndala zimekuwa karatasi. Kila karakana niliyoingia waliniuliza kama nina mtoto mdogo. Nikisema ndiyo, wananiambia, "Tutakuita." Simu haijalia mpaka leo. Nikaapa kwamba panapofuata simtaji mtoto, waone kwanza mkono wangu.

Basi Jumatano nikaenda kwenye karakana inayoshona sare za shule. Mwenyewe wanamwita Mama Sindano, mwembamba, na maneno yake yanachoma. Nikamwambia nataka anijaribu, asiponipenda nitaondoka. Akanitupia shati lisilo na mfuko, na mfuko wake pembeni, akanionyesha cherehani.

Ulinifundisha vizuri, ila cherehani chako ni cha miguu na kile ni cha umeme. Mimi nikaweka miguu yote miwili nikaanza kukanyaga kama kwako, mbele nyuma, mbele nyuma. Lo! Kikanguruma, kikaondoka na shati kama kimeliiba. Kilipotulia, mfuko ulikuwa umeshonwa pande zote, hata kidole hakiingii.

"Huo mfuko wa bahili," akasema mshonaji aliyekaa jirani. "Kitu kikiingia hakitoki."

"Kwanza kiingilie wapi?" mwenzake akamjibu. Karakana nzima ikacheka, na mimi nikacheka.

Mama Sindano hakucheka. "Asante, dada. Tutakuita."

Kuitwa huko nimeshakujua. Sikuinuka. "Simu yangu mbovu, mama," nikamwambia. "Niambie hapa hapa. Lakini kwanza nipe wembe nifumue."

Akanitazama kama anayetafuta pa kunishika, akanipa. Nikafumua uzi taratibu nisije nikalitoboa shati la watu. Nikavua ndala, mguu mmoja nikaukunja chini ya kiti usije ukajisahau, na kwa wa pili nikagusa pedali kwa kidole gumba tu. Cherehani kikatii, Mama Mdogo. Kikaenda kama mtoto aliyeshiba.

Mama Sindano alikuwa anaukagua mfuko wakati maziwa yaliponitoka, blauzi ikalowa mbele za watu. Sikuwa na cha kuficha tena.

"Kumbe unanyonyesha. Mtoto atabaki na nani?"

"Na baba yake. Ni mlinzi wa usiku."

"Mwanaume ataweza?"

"Mama, analinda mali ya tajiri asiyemjua hata sura. Atashindwa mwanawe?"

Hapo akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia wakati wa mapumziko nitakimbia kunyonyesha, chumba changu hakiko mbali, na nitarudi kabla ya kengele. Siku nikichelewa anifukuze. Wala sikulia wala sikumpigia magoti.

Amenipa wiki moja ya majaribio, kuanzia kesho, nishone mifuko tu. Nikiharibu natoka. Nisipoharibu kiti ni changu. Naogopa, sikufichi. Lakini kile kiti nikishakikalia, wa kuniinua aje na watu.

Nisalimie sana Bibi, na mjomba wetu Mpole, na wifi yangu mshona viatu, mwambie kilio cha mwanangu ni chake kabisa. Mdogo wangu mwambie asome, asijifiche nyuma ya jiko akidhani simwoni. Wewe Mungu akupe nguvu, na mgongo ukuachie upumzike.

Mimi mwanao nikupendaye, hata nikikukatalia,
Mama Kichuna

Nimesahau. Dereva wa lori la magunia akipita, mpe: mkasi wangu mdogo, raba zangu za kamba, maana ndala zinateleza kwenye kile cherehani, na kikombe cha mtoto chenye mfuniko, baba yake aanze kumzoesha. Pesa usitume. Cherehani usitume, hata kama umeshakifunga kamba. Na kitanda changu usinitunzie tena. Mpe mdogo wangu alalie.