Nilimsingizia Shangazi Uchawi, Sasa Kipimo Changu Kinamtetea

Bi Rukaya wa safu ya ushauri, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Ijumaa maana huku nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nalima mpunga na ufuta hapa Umwe, na miaka sita iliyopita baba yetu aligeuka manjano macho na ngozi, akakonda, mgongo ukamuuma usiku na mchana, akafariki, na mwaka mmoja kabla yake baba mdogo alikuwa ameondoka vilevile, basi watu wakaanza kumtazama shangazi Siti, dada yao wa pekee, kwa kuwa yeye alibaki mzima. Kaka yangu Hemedy akaitisha kikao cha ukoo, akauliza nani aliona kitu, na mimi, kwa uchungu na kwa kutaka nionekane nilimpenda baba kuliko wote, nikasema nilimwona shangazi akitia dawa kwenye uji wa baba. Bi Rukaya, ilikuwa sukari. Shangazi akanigeukia akasema, "Mwanangu, sema ulichokiona," nami nikarudia uongo uleule mbele ya wote. Wiki hiyo wakaezua nyumba yake, akahamia ng'ambo ya daraja la Ndundu, na mpaka leo anakaanga maandazi huko peke yake.

Sasa Februari tumbo lilinisumbua nikapelekwa Dar kupigwa picha, na daktari akaniambia kwenye kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo, kuna uvimbe mdogo wa majimaji ndani ya mrija. Nikamuuliza, "Ni saratani?" Akasema, "Bado. Lakini uvimbe wa aina hii unaweza kubadilika polepole, kwa miaka, seli zikiharibika kidogo kidogo mpaka siku moja ziwe saratani. Kwenu kuna aliyeugua kongosho?" Nikamsimulia ya baba na baba mdogo. Akaweka kalamu chini. "Basi huenda mna kitu mnachorithishana. Ndugu zako waje tuwaone, na wewe urudi baada ya miezi sita."

Huu ni mwezi wa tisa tangu siku hiyo na sijarudi. Mume wangu nilimwambia ni vidonda vya tumbo. Nikionyesha ile karatasi ya majibu ya daktari, swali la kwanza litakuwa la shangazi, na mimi ndiye shahidi. Halafu Hemedy mwenyewe amekonda ghafla, juzi kaambiwa ana sukari, na anasema, "Yule bibi hajashiba." Ijumaa baada ya swala anavuka daraja na wenzake wanne kwenda kumaliza maneno. Nikisema, ukoo utanitema. Nikinyamaza, watamuua. Nifanyeje?

Mimi, M., Umwe.

BI RUKAYA ANAJIBU

M., barua yako iliingia kwenye simu ya ofisi Jumatano asubuhi na sikuiweka foleni. Nilikupigia. Nikauliza Hemedy yuko wapi, ukasema, "Yuko uani kwake, ananoa panga." Nikakwambia ukate simu yangu, umpigie mwenyekiti wa kijiji na polisi, shangazi yako aondolewe pale anapolala, kisha uchukue karatasi uende kwa kaka yako mchana kweupe, mkewe akiwepo.

Ulikwenda, na kwa hilo nakupongeza. Jioni ulinisimulia huku unalia. Ulimsomea karatasi, Hemedy akasema, "Soma tena hapo." Ukasoma tena. Akauliza, "Na uji je?" Ukasema, "Ilikuwa sukari, kaka. Nilidanganya." Akakufukuza uani kwake na kukuita majina nisiyoweza kuyachapa hapa. Lakini Ijumaa hakuna aliyevuka daraja, na shangazi yako yu hai.

Sasa nisikilize. Ulikuwa na msiba, naelewa. Ila msiba huchukua siku zake, na wewe umemwacha mzee wa watu aishi na jina la mchawi miaka sita. Hilo ni lako, usimgawie Hemedy.

Kuhusu kongosho, usijizike mapema. Ulichoambiwa ni kwamba bado, na hiyo bado ndiyo nafasi ambayo baba yako hakuipata. Uvimbe ukifuatiliwa, madaktari wanaona unapoanza kubadilika na wanaweza kuukata kabla haujageuka. Usipofuatiliwa, haukupigii hodi. Umechelewa miezi mitatu, basi wiki hii panga safari ya Dar, na mumeo ajue unakwenda kwa ajili ya nini.

Hemedy asisubiri zamu yako. Mtu anayekonda ghafla na kupata sukari kwa mkupuo, baba yake akiwa amekufa hivyo, aende hospitali ya wilaya Utete kesho na asimulie yote, ya baba na ya baba mdogo. Kama anavuta sigara, aache. Macho yakigeuka manjano aende siku hiyohiyo, na unga wa mganga usiguswe. Kama hataki kukuona, mpe mkewe nakala ya karatasi.

Wala msitafute tena nani alibaki mzima. Ugonjwa wa kurithi huwapata wengine katika familia na kuwaacha wengine, na aliyeachwa hana kosa.

Bado kikao. Waite walewale waliokusikia ukisema uongo, usimame palepale, useme kweli kwa sauti ileile. Kisha nenda Ndundu. Akikufungulia mlango, usianze na ugonjwa wako, maana atakuhurumia na utajificha ndani ya huruma yake. Anza na uji.