Umri wa Meneja

Walthamstow, London
14 Machi 1999

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi huku wazima, ila baridi haina huruma. Mgongo wako unaendeleaje? Mama Mdogo bado anakukanda kwa yale mafuta yake?

Baada ya salamu, kwa heshima na taadhima, nautangazia ukoo wote, walioko Kigoma, waliobaki Uvira na waliotutangulia kaburini, kwamba nyumba yangu imepata mzee. Hana miguu, hasikii, hachangii kodi. Anaitwa Meneja. Ni nyoka.

Kaa kwanza, Mama. Usiitupe barua.

Unamkumbuka Mzee Suresh wa Kenton, yule Mhindi wa Kisumu ninayemtunza, tunaongea Kiswahili mpaka majirani wanadhani tunagombana? Watoto wake wanampeleka nyumba ya wazee, na huko nyoka hawapokelewi. Binti yake, Bhavini, akasema basi Meneja adungwe sindano ya mwisho. Mzee akalia mbele yetu sote. Akanishika mkono: “Ana miaka kumi na minne, Agathe. Mwache afe kwa uzee wake. Asife kwa sababu mimi nimezeeka.”

Ungejibu nini? Niliahidi. Nikampakia kwenye foronya, tukapanda basi.

Hana sumu. Waingereza wanamwita nyoka wa mahindi, ingawa mahindi hali. Nakuambia mwenyewe kabla Placida wa kanisani hajakuambia kwa namna yake. Karatasi zako zimekubaliwa, chumba kiko tayari. Nakungoja.

Bintiyo,
Agathe


Kigoma
20 Aprili 1999

Mwanangu Agathe,

Salamu nyingi. Mgongo haujambo, sasa magoti ndiyo yameshika zamu. Mama Mdogo anakusalimu. Huyo mgeni wako simsalimu.

Nilivuka ziwa na risasi nyuma yangu, sikulia. Barua yako imeniliza. Hawa alimsikiliza nyoka mara moja tu, na mpaka leo tunalima.

Umeahidi, sitakuambia uvunje ahadi, sikukulea hivyo. Ila chini ya paa moja naye silali. Atangulie yeye, ndipo nije. Tuone mimi na yeye nani ana subira. Wenzake huishi miaka mingapi? Niambie ukweli.

Mama yako


Walthamstow
9 Juni 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yamepoa? Huku tuko salama.

Uliomba ukweli. Kitabu cha maktaba kinasema kumi na mitano, na akitunzwa vizuri, ishirini au zaidi. Na mimi, Mama, kutunza wazee ndiyo kazi yangu. Nampa panya mdogo badala ya mkubwa, tena kwa nadra, maana tumbo la uzeeni ni zito. Panya wanauzwa wakiwa barafu. Wanalala kwenye friza jirani na mboga yangu ya sombe, kila mmoja na mfuko wake, usiogope. Nimemshushia bakuli la maji asihangaike kupanda. Upande mmoja wa sanduku lake la kioo nimemwekea joto. Anashinda chini ya gome lake la mti, hasemi na mtu, anatoka siku ya chakula. Ndiyo maana aliitwa Meneja.

Nikimtunza vibaya, utakuja upesi. Siwezi, Mama. Na kukukosa pia siwezi. Chakula cha Jumapili napikia watu wawili bado.

Bintiyo,
Agathe


Kigoma
15 Agosti 1999

Mwanangu,

Sisi wazima. Na huyo, hajafa?

Nimeongea na Placida kwa simu. Atakuja na kikundi cha maombi. Usinune. Ahadi ni yako. Mungu hakumwahidi yule Mhindi kitu.

Mama yako


Kigoma
28 Septemba 1999

Agathe mwanangu,

Haleluya! Placida amepiga simu, anahema kama aliyekimbizwa. Wamemwona kwa macho yao: macho ya nyoka yamekuwa meupe kama maziwa, rangi imemtoka, chakula amekataa. Anasema wiki haimalizi.

Pole kwa mzee wako, lakini nimeshinda. Ndege ni tarehe ishirini na moja Oktoba. Nunua unga, tena usiwe ule laini wa kupikia keki.

Mama yako mwenye furaha


Walthamstow
13 Oktoba 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mizigo imefungika.

Nina neno moja. Nyoka hakupofuka. Anajivua gamba. Wote hufanya hivyo: macho hufifia, chakula hukataliwa, kisha ngozi hutoka nzima kama soksi, naye hung'aa kama bibi harusi. Nilijaribu kumweleza Placida, lakini walikuwa wameshaanza wimbo wa pili.

Najua simu ingefika upesi. Lakini jambo zito kama hili linastahili barua, nami nimeituma kwa posta ya kawaida. Mtu asije akasema nilificha.

Unga nimenunua.

Bintiyo,
Agathe


Walthamstow
22 Agosti 2005

Mwanangu Agathe,

Salamu kwako huko Kigoma, kwa Mama Mdogo, na kwa ndugu yako Exaucé na mke wake mpya. Harusi ilifana? Hapa tuko wazima. Meneja mzima, ametoka kula sasa hivi.

Ile barua yako ya ujanja, mwombe Mama Mdogo akuonyeshe. Alinisomea kwa simu nikiwa nimeshakaa sebuleni kwako, na Meneja ananing'alia pale mbele. Nilikuja kuzika, nikakuta harusi.

Sasa sikia. Jumamosi tumemfanyia sikukuu ya miaka ishirini. Placida alileta keki. Placida huyohuyo! Anasema ni maombi yao yaliyomfanya mpya. Nikamwachia ushindi wake, wangu ninao. Nani alikuwa naye siku gamba lilipomkwama jichoni, nawe uko kazini? Mimi, niliyeapa kutomgusa. Niliichovya taulo kwenye maji vuguvugu, nikamfunga kama mtoto, nikasugua polepole mpaka likaachia. Nimeogesha watoto sita na maiti wengi. Nyoka ni nini? Daktari wa wanyama juzi alisema hajaona mzee wa ishirini mwenye ngozi kama hii. Nikamwambia, “Ni mkono, daktari.”

“Lakini Mama Agathe,” Placida akanichokoza, “si ulisubiri afe?”

“Kata keki, wewe.”

Bhavini alimleta baba yake kwa kiti cha magurudumu. Nikamweka Meneja mapajani pake, nikasimama, nikahutubu: “Mzee, ulitupa mzee mwenzio. Tumemlisha laini, tumemlaza pa joto, hakuna aliyemdunga sindano. Leo ana ishirini!” Vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mzee Suresh akamgeuza, akamtazama tumbo, akacheka peke yake.

“Mama,” akasema, “yule ambaye leo angetimiza ishirini alikufa zamani. Bhavini aliapa hataki nyoka wa pili nyumbani, basi nikanyamaza, nikaleta mwingine wa rangi ileile. Huyu nilimnunua mwaka tisini na tatu, mwembamba kama kamba ya kiatu.”

Bhavini alibaki na keki mdomoni. Mimi nilikaa chini nikahesabu kwa vidole.

Ana miaka kumi na miwili.

Mama yako